Vile Zimwi Ilimeza Mtu wa Wekesa

Nyinyi wa hapa kazini mmeniambia niwaachie maneno kabla sijasahau, na mimi kuambiwa niongee ni kama kuku kuambiwa aparue. Wambui mwenzenu ndiye anaandika, kwa sababu mimi shule niliachia darasa la pili, pale walikuwa wanaanza hesabu ya kugawanya. Nimemwambia aandike vile natoa, asininyooshe. Mambo ya nani alipandishwa cheo na nani alipewa saa ya ukutani akienda, hiyo mtasikia kwa wengine. Mimi nataka kuwaambia juu ya ile mashini ya zamani, na gazeti yetu ya picha, na kosa moja nilifanya nikicheka.

Nilianza kazi hapo Nakuru kama mwaka moja hivi baada ya uhuru. Press, ile nyumba ya kuchapa, ilikuwa nyuma ya soko, nyumba ya mabati, ya Singasinga mmoja mpole tulikuwa tunamwita Bwana Gurdev. Siku ya kwanza aliangalia tumbo yangu akaniuliza, "Huyu akizaliwa ataitwa nani?" Nikamwambia akiwa msichana ni Njoki. Akasema, "Basi wewe ni Mama Njoki, chukua fagio." Nikawa Mama Njoki miezi mitatu kabla Njoki mwenyewe azaliwe, na bahati akatoka msichana. Angetoka kijana sijui tungefanya nini.

Nilifagia wiki mbili. Halafu kukawa na haraka ya kadi za harusi na mkunjaji alikuwa mgonjwa, Mzee Wekesa akaniita. Huyu Wekesa ndiye alikuwa fundi wa mashini. Alikuwa mtu wa magharibi, baba yake alijenga reli, na yeye mwenyewe alifanya kwa reli kabla ya kuja kwa wino. Kuitwa mzee hakukuwa kwa miaka, ni uso tu. Uso yake ilikuwa kama mtu anasubiri gari moshi yenye anajua imechelewa.

Alinipatia mfupa wa mbavu ya ng'ombe wa kukunjia, umesuguliwa ukawa laini kama sabuni. Akakunja karatasi mbili mbele yangu.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia nini, Mzee?"

"Hii imenyamaza. Hii imelia." Akazigeuza anionyeshe. "Karatasi iko na njia yake, kama mbao. Ukikunja kinyume inalia, na kesho inapasuka."

Hayo ndiyo masomo yote alinipatia mwaka ule wa kwanza. Lakini mpaka leo nyinyi mnajua mimi nikikunja sitazami, nasikiza. Wambui hapa anacheka, lakini yeye karatasi zake zinalia kama mtoto ameachwa.

Tulikuwa tunaelewana na Wekesa kwa sababu yeye haongei na mimi naongea ya watu wawili, kwa hivyo jumla ilikuwa sawa. Nikikunja nilikuwa naleta hadithi. Cucu yangu, nyanya yangu, alinilea na hadithi za irimu, hizo zimwi za nywele ndefu zenye zinameza mji mzima na mbuzi na mbwa. Watu wa press walikuwa wanasahau kwenda kula. Bwana Gurdev mwenyewe alikuwa anasimama kwa mlango anajifanya anaangalia mvua, na hakuna mvua.

Hivyo ndivyo tuliishi miaka zaidi ya kumi, risiti, kadi, matangazo ya mazishi. Sasa miaka ya sabini ikielekea mwisho, msichana wa Bwana Gurdev, Manjit, akarudi kutoka masomo ya Ulaya. Alirudi na sanduku. Ndani kulikuwa na kitabu ya sheria na dadu za ajabu, zingine ziko na pande nyingi mpaka hujui juu ni wapi. Alituambia ni mchezo ya meza. Mtu mmoja anasema hadithi. Wengine kila mmoja ako na mtu wake ndani ya hiyo hadithi, na huyo mtu ni yeye anamuamulia atafanya nini. Ukitaka mtu wako aruke mto, ama apigane na simba, unatupa dadu. Namba ndiyo itasema ameweza ama ameanguka.

Jumamosi tulikuwa tunafunga saa saba. Manjit akakaa na Wekesa na Kamau kwa ile meza ya kukatia karatasi. Kamau alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka, kijana wa suruali pana, alikuwa anatuchorea herufi za harusi. Mimi nilikuwa nafagia chini ya miguu yao. Manjit anasoma kutoka kwa kitabu, barafu, ngome, mfalme, na anasoma kama mtu anasoma bei ya misumari. Nikavumilia. Akafika kwa jitu lenye liko kwa daraja.

Nikamuuliza, "Hiyo jitu imekaa kwa daraja miaka yote inakula nini?"

"Kitabu haisemi, Mama Njoki."

"Na hakuna hata mtu moja amewahi kuenda kuona watoto wake?"

Kamau, mwenye alikuwa ananiita mathe badala ya mama, akasema, "Mathe, kaa chini basi utuambie wewe."

Nikakaa. Fagio ikabaki imeegemea ukuta mpaka jioni.

Tuliacha barafu tukatengeneza nchi yetu. Kamau alichora ramani nyuma ya karatasi zimeharibika. Tukasema chini ya Menengai, ule mlima wa shimo hapo juu ya mji, ndani kabisa, kuko na nchi ingine iko na mbingu yake, na ule moshi unaona ukitoka asubuhi ni wa wamama wa huko wanapika uji. Tukaiita Nchi ya Chini. Manjit akachagua kuwa malkia anapanda flamingo kama punda. Kamau akawa mwizi anaweza kugeuka moshi, na kila mara aligeuka wakati upepo iko.

"Na wewe Mzee," Manjit akauliza, "mtu wako amebeba nini? Upanga? Mkuki?"

"Mlango," Wekesa akasema.

"Mlango ya nini?"

"Ya nyumba. Amebeba kwa mgongo."

Kamau akacheka. "Mzee, kwani unaenda vita ama unahama?"

"Andika mlango," Wekesa akamwambia. "Akisimamisha mahali, mtu akipita ndani, maji haimpati. Baridi haimpati. Andika hivyo."

Manjit akaandika. Huyo mtu akaitwa Mlango tu, hakuwa na jina ingine.

Kulikuwa na sheria moja yenye haikuwa kwa kitabu, Wekesa ndiye aliileta. Kamau alikuwa anaringa sana na moshi wake, Jumamosi moja nikachoka na yeye, nikasema, "Mamba ikamkamata mwizi ikamtafuna, basi." Wekesa akainua mkono.

"Hapana. Tupa dadu."

"Si mimi ndiye mwenye hadithi?"

"Hadithi ni yako. Mtu ni wake. Mtu wa mtu hauawi na mdomo."

Tukakubali sote, na mimi nikaapa haki ya Mungu. Kamau alitupa dadu akapona, akaringa zaidi.

Gazeti ilitoka hapo. Manjit ndiye alisema, mbona tusichore vile tunacheza, kila mwezi, tuchape na karatasi za kubaki. Kupeleka picha Nairobi zitengenezwe bloku za zinki za kuchapia ilikuwa mambo mengi, kwa hivyo Kamau alikuwa anachonga kwa lino, ile mpira ya kutandika sakafu. Sasa lino unachonga kinyume, kushoto inakuwa kulia. Toleo la kwanza Kamau alikumbuka kugeuza maandishi lakini akasahau kugeuza watu. Tukachapa, tukaangalia, nchi nzima ni ya mkono wa kushoto. Malkia kushoto, askari kushoto, hata zimwi anakula na kushoto. Tukaacha hivyo hivyo. Tukasema ndiyo desturi ya huko. Watoto waliandika barua wakiuliza kama mtu wa kulia akishuka huko anafungwa.

Na hiyo lino haikubali kuchapika vizuri. Pahali pengine inakuwa nyeusi, pengine inakuwa kama imepigwa na homa. Wekesa alikuwa anakaa na vipande vya karatasi ya sigara, anabandika chini ya lino aiinue kidogo, hapa kimoja, pale viwili, anachapa, anaangalia kwa mwanga, anabandika tena. Nyuso za watu ndizo zilikuwa zinachukua muda. Nikamuuliza siku moja kwa nini asiache tu. Akasema, "Mtoto atajuaje huyu anacheka ama analia?"

Gazeti ilipendwa. Kwa kinyozi ilikuwa, kwa stesheni ilikuwa, huko Njoro wakachora mlango kwa ukuta wa choo ya shule mpaka mwalimu akaja kutulalamikia. Wengi hawakutaka malkia wala mwizi. Walitaka Mlango. Alikuwa anafika mahali kunanyesha, anasimamisha mlango yake kwa nyasi, watu wanaingia wanakauka. Hapigani na mtu. Sijui kwa nini walimpenda hivyo.

Hiyo si kweli, nilijua.

Siku moja tulikuwa tunaosha rola na mafuta ya taa, sisi wawili tu, na nilikuwa naongea vile naongea, nikamuuliza hiyo mlango aliitoa wapi. Akaosha rola yote kwanza. Halafu akaniambia. Wakati alikuwa wa reli alikuwa anaishi Naivasha, huko chini Kihoto, karibu na ziwa. Zile mvua kubwa za kukaribia uhuru, maji ilipanda ikaingia kwa manyumba. Yeye alikuwa kazini, amepelekwa na gari mpaka mbali. Aliporudi hakupata nyumba. Alipata mlango imeshikwa na mti. Bibi na mtoto walikuwa wametolewa na majirani, lakini walikuwa wamekaa ndani ya maji siku nzima wakimngojea yeye, kwa sababu alikuwa amewaambia wasitoke mpaka arudi. Mtoto baridi ilimwingia kifua. Hakumaliza wiki. Bibi akaenda kwao.

"Alikuwa anaitwa nani?" nikamuuliza.

"Nipatie hiyo kitambaa," akasema.

Hakuwahi kuniambia tena, na sikuwahi kumuuliza. Kwa hivyo msiseme sikujua. Mimi peke yangu ndiye nilijua.

Sasa kosa yenyewe. Kulikuja mwezi mmoja Manjit alikuwa anaozwa. Nyumba ya Bwana Gurdev ilikuwa imejaa wageni kutoka Kisumu na Nairobi, Jumamosi tatu hatukucheza. Kamau akakuja kwangu kwa meza ya kukunja.

"Mathe, sina kitu ya kuchonga. Hatujacheza. Nichonge nini?"

Na mimi hapo ndani yangu hadithi ilikuwa imenishika shingo. Kuna ile ya irimu inameza mji mzima, watu wote, halafu inakatwa kidole kidogo, kile cha mwisho, na hapo kwa kidole wote wanatoka mmoja mmoja, wazima, hata mbuzi. Kila mtoto aliyelelewa na cucu anaijua. Nikaona picha. Mlango amesimamisha mlango yake, watoto wa kijiji chote wamejificha nyuma yake, mvua inanyesha. Zimwi inakuja. Inameza Mlango na watoto wote. Ile mlango ya mbao inabaki pekee yake kwa nyasi. Mwisho wa toleo. Mwezi unaofuata, kidole, na wote nje. Niliona vile watoto wa Nakuru hawatalala mwezi mzima.

Kamau akanitazama. "Mzee anajua?"

"Atajua akiiona."

"Si tulisema dadu?"

"Hauawi. Anamezwa. Kumezwa si kufa, wewe hukulelewa na nyanya?"

"Mimi nimeelewa, mathe. Mwambie yeye sasa."

"Nikimwambia mwisho, hiyo ni hadithi gani? Chonga."

Akachonga. Na alichonga vizuri sana, hiyo ndiyo mbaya. Mdomo ya zimwi ilijaza ukurasa mzima, na kwa meno unaona vidole vya mikono midogo.

Wekesa aliifunga hiyo lino kwa mashini asubuhi. Nilijiweka karibu na yeye, ati napanga karatasi. Nilikuwa nimebana kicheko kama mtu ameficha peremende nyuma ya mgongo. Akatoa karatasi ya kwanza ya kujaribu. Akaiangalia muda mrefu.

"Hii tulicheza lini?"

"Hatukucheza. Nimeitunga tu, kwa sababu ya harusi."

"Huyu amekufa?"

"Ngoja mwezi ujao, Mzee."

"Nakuuliza. Amekufa?"

"Hadithi haimalizwi katikati."

"Na hawa watoto?"

"Wote," nikasema, na kicheko ikanitoka. Sikuweza kuishika. Nilikuwa najua kile kidole kiko tayari, najua vile atafurahi.

Alichukua karatasi zake za sigara akaanza kubandika. Alibandika chini ya meno, akabandika chini ya vile vidole vidogo. Alichukua asubuhi yote kwa huo ukurasa mmoja. Halafu akachapa zote, mpaka ya mwisho. Nimeshika karatasi nyingi katika maisha yangu, sijawahi kuona nyeusi safi kama ile. Ndiyo kazi nzuri zaidi alifanya hapo press. Akaosha rola, akakunja kitambaa, akaenda kwa ofisi kumwambia Bwana Gurdev mgongo umechoka, anaacha kazi.

Alikuwa na kipande cha shamba Kabazi, huko upande wa Subukia. Akaenda huko. Kamau akaniambia, "Mathe, panda gari kesho uende umwambie kidole." Nikasema hapana, nitampelekea toleo likiwa limechapwa, aone kwa macho. Nilitaka aone picha, mimi sikutaka kuharibu. Kamau akachonga kidole, akachonga watu wakitoka. Lakini fundi mpya hakuwa na subira ya karatasi za sigara. Alichapa ikatoka mawingu matupu. Bwana Gurdev akaangalia, akasema turudi kwa risiti. Manjit alikuwa ameshaenda kwa mume. Gazeti ikaisha hapo, zimwi ameshiba.

Barua zilikuja mwaka mzima. Mtoto mmoja wa Gilgil aliandika, je, ndani ya tumbo kuna hewa? Tuliziweka kwa boksi, halafu boksi ikatumika kwa kitu ingine.

Na mimi sikuenda Kabazi. Mkitaka nitawapatia sababu, niko nazo nyingi, nilizaa mwingine, Njoki akaingia sekondari, mvua, barabara. Kutoka hapa mpaka Kabazi ungeenda asubuhi ukarudi kunywa chai ya saa kumi. Kwanza nilisema nangojea gazeti irudi. Halafu nikasema amesahau. Halafu miaka ikawa mingi na ikawa ni aibu kwenda na kitu kidogo hivyo. Kila mtu mpya alikuja hapa nilimwambia, ukichora mtu wa mwingine, muulize mwenyewe kwanza, na nyinyi mlifikiri naongea mambo ya sheria.

Miezi miwili imepita tangu mniage hapa na keki. Wiki iliyofuata nilipanda gari nikaenda. Niliuliza njia mara mbili, wakanionyesha. Nilimpata ameketi nje kwa kivuli cha ghala, anapukuchua mahindi. Amekuwa mzee sasa wa kweli. Msichana wa nduguye ndiye anamwangalia. Alinijua hata kabla nifungue mdomo, ama pengine nilikuwa nimeufungua.

"Mama Njoki. Bado unaongea."

"Bado, Mzee."

"Kaa."

Nikakaa, nikachukua hindi moja, tukapukuchua. Nilimwambia habari za Njoki, za komputa zenu, za Bwana Gurdev vile alienda kwa amani. Yeye aliuliza tu kama ile mashini iliuzwa ama ilikatwa chuma. Nikamwambia ilikatwa. Akaitikia kwa kichwa.

Halafu nikamwambia yote. Nilimpa hadithi nzima, vile inafaa, na sauti zote. Malkia anashuka na flamingo, mwizi anaingia kwa pua ya zimwi akiwa moshi, na siku hiyo peke yake hakuna upepo. Kidole kinakatwa. Watoto wanatoka, mmoja, mwingine, nguo zao kavu kabisa, na wa mwisho kutoka ni Mlango mwenyewe, anaenda anaokota mlango yake kwa nyasi. Yule msichana wa nduguye alikuwa ameacha kuosha vyombo, amesimama anasikiza.

Wekesa hakuacha kupukuchua.

"Hiyo ni ya mdomo," akasema. "Mimi nilichapa ile ingine."

"Ilikuwa ichapwe, Mzee. Kamau alikuwa ameshachonga."

"Siku ile nikikuuliza, ulikuwa unajua watatoka?"

"Nilijua."

"Hata watoto?"

"Wote. Tangu mwanzo."

Alichukua hindi lingine, akaliangalia pande zote kama mtu anatafuta pa kuanzia.

"Sasa ulikuwa unacheka nini?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu amekaa na kitu siku nyingi na anataka tu kujua. Na mimi, mwenye mnasema mdomo yangu haina breki, nikachukua hindi langu nikaendelea. Msichana akaleta chai. Tukapukuchua mahindi, sisi wawili, mpaka gunia likajaa, Mzee akainuka akashika upande mmoja, nikashika ule mwingine.